Gundi ya kope: Mtaji wa mililita 5 na kilichomo ndani yake

DAGAA wakipatikana kwa wingi, fedha huzunguka Kisorya. Hulipwa wavuvi, hulipwa makuli, hulipwa na akina mama wanaoanika mzigo, na baada ya siku mbili tatu fedha hizo hizo huonekana kwenye maduka ya vitenge, vibanda vya chipsi na saluni. Huko saluni ndiko bidhaa ndogo kuliko zote inakofanya kazi kubwa: gundi ya kope.

Ni kichupa cha mililita 5 kinachopotea ndani ya kiganja. Hununuliwa jumla Mwanza au huagizwa Kariakoo, hupanda basi kupitia Magu, Lamadi na Bunda, kisha huelekea Kibara na hatimaye Kisorya, mahali ambapo barabara huishia kwenye maji na kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Katika safari yote hiyo, kutoka kwa mwagizaji hadi kwa msusi, maswali yanayoulizwa ni mawili tu: bei gani, na inashika? Swali la tatu, kwamba ndani kuna nini, ni nadra kusikika.

Kutouliza huko kuna gharama. Gundi huganda kichupani kabla haijafika nusu. Kope hudondoka siku ya tatu na mteja hurudi kudai fedha zake. Mbaya zaidi, mteja huamka asubuhi macho yamevimba, na katika mji mdogo wa mwaloni habari ya namna hiyo huvuka maji kabla ya kivuko. Mambo yote matatu chanzo chake ni kilekile, yaani viambato vilivyomo ndani ya kichupa na jinsi vinavyotunzwa.

Jina moja, gundi tatu

Tatizo la kwanza la soko ni la jina. Mfanyabiashara akiagiza "gundi ya kope" bila kufafanua, anaweza kuletewa bidhaa tatu zisizo na undugu wowote.

Ya kwanza ni ya kope za ukanda, zile zinazobandikwa asubuhi na kubanduliwa usiku. Hii huwa nyeupe au nyeusi, na msingi wake ni ama utomvu wa mpira ama polima za akriliki zilizochanganywa na maji. Hukauka maji yake yanapopotea hewani. Utomvu huo ndio ule unaogemwa kwenye mashamba ya mpira kama Kihuhwi, wilayani Muheza. Ni gundi ya upole kuliko nyingine, isipokuwa kwa mtu mwenye mzio wa mpira. Mteja anayewashwa akivaa glovu za mpira au akipuliza puto hafai kubandikwa gundi ya namna hii, na inafaa aulizwe kabla ya kulala kitandani, si baada.

Ya pili si ya kope kabisa. Ni bondin gluu, ile gundi nyeusi ya kubandikia wivingi kichwani, ambayo nyingi yake nayo ni ya utomvu wa mpira. Wasusi wengi wa Afrika Mashariki wameizoea kwa kubandika kope za vishada kwa sababu ni rahisi na hupatikana kila mahali. Ilitengenezwa kwa ajili ya nywele na ngozi ya kichwa. Ngozi ya ukingo wa jicho ni nyembamba kuliko zote mwilini, na mtengenezaji hakuifikiria alipopanga mchanganyiko wake. Chupa nyingi za aina hiyo huonya wazi kwamba gundi isifike machoni. Onyo lipo, ila limeandikwa kwa herufi za kuhitaji miwani.

Ya tatu ndiyo gundi ya kope yenyewe, inayobandika kope moja juu ya unywele mmoja na kudumu wiki kadhaa. Msingi wake ni kemikali iitwayo sayanoakrileti. Hii ndiyo yenye fedha, na ndiyo inayohitaji kufahamika zaidi.

Tangu darubini ya bunduki hadi saluni

Sayanoakrileti haikutafutwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkemia Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani alikuwa katika kundi lililotafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha. Kitu walichokipata kilinata kila kilipogusa, kikawekwa kando kama usumbufu. Mwaka 1951 Coover na mwenzake Fred Joyner walikirudia katika utafiti mwingine, safari hii wakatambua kwamba usumbufu wenyewe ndio biashara. Mwaka 1958 kikaingia sokoni kama gundi.

Wakati wa vita vya Vietnam madaktari wa Marekani walikipulizia majeruhi ili kuzuia damu. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha gundi ya kufungia majeraha ya ngozi yenye aina mojawapo ya sayanoakrileti. Kwa hiyo anayesema kemikali hii ni sumu tupu hasemi kweli, na anayesema haina neno kwa kuwa hospitali huitumia naye hasemi kweli. Jibu linategemea ni aina ipi, imesafishwa kiasi gani na imefika wapi.

Kanda ya Ziwa yenyewe si ngeni kwa malighafi ya gundi. Mabondo ya sangara, yanayonunuliwa mwaloni kwa bei inayozidi ya minofu kwa kilo na kusafirishwa hadi China na Hong Kong kwa chakula, ni ya jamii moja na vibofu vya samaki ambavyo mafundi wa Ulaya walivichemsha kwa karne nyingi kupata gundi ya kazi laini. Gundi hiyo ya kale ilikuwa ikilainika kwa maji. Hii ya sasa ni kinyume chake kabisa, na hapo ndipo penye siri yake.

Inakauka kwa kupata maji

Ndani ya kichupa, molekuli za sayanoakrileti zimekaa mojamoja. Zikikutana na maji, hata yale machache yasiyoonekana yaliyotanda juu ya unywele au yaliyomo hewani, zinashikana mkono kuwa mnyororo mrefu mgumu kwa muda wa sekunde. Gundi ya karatasi hukauka kwa kupoteza maji. Gundi ya kope hukauka kwa kuyapata.

Mambo mengi yanayowasumbua wasusi huelezwa na jambo hilo moja. Ndiyo sababu kichupa kilichoachwa wazi huganda mdomoni, na ndiyo sababu tone likidondokea jichoni, ambako daima kuna machozi, huganda hapo hapo. Hata saluni mbili zenye gundi ya aina moja, iliyotoka katoni moja, zinaweza kupata matokeo tofauti kwa sababu moja iko juu kilimani na nyingine iko hatua chache kutoka majini.

Kusoma kichupa

Gundi nyingi za kope hutengenezwa Korea Kusini na China, na lebo zake mara nyingine huja kwa lugha ambazo si muuzaji wala mnunuzi anazisoma. Lakini kemikali kila moja ina namba yake, ijulikanayo kama namba ya CAS, ambayo ni ileile duniani kote. Namba haina lugha. Pale isipoandikwa kwenye kichupa, hupatikana katika karatasi ya usalama wa bidhaa, na mwagizaji makini huwa nayo au anaweza kuidai kwa kiwanda. Mfanyabiashara wa jumla asiyeweza kuitoa hata kwa kuombwa anauza asichokijua.

Namba 7085-85-0 ni sayanoakrileti ya ethili. Ndiyo inayotumika zaidi katika gundi za kope zinazoshika haraka, ndani ya sekunde moja hadi tatu, na mvuke wake huchoma. Ndiyo pia msingi wa supa gluu nyingi za madukani.

Namba 137-05-3 ni ya methili. Hii ni ndogo zaidi kwa umbo la molekuli, mvuke wake ni mkali, na kazi yake inayofahamika ni kuunganisha vyuma na plastiki ngumu. Ikionekana kuwa kiambato kikuu cha gundi ya kope, mnunuzi ana haki ya kukirudisha kichupa rafuni.

Namba 27816-23-5 ni ya methoksiethili. Mvuke wake ni mdogo, harufu karibu hakuna, lakini hushika taratibu na haidumu sana. Gundi zinazouzwa kwa jina la "za macho mepesi" mara nyingi hutegemea aina hii. Namba 6606-65-1 ya butili na 133978-15-1 ya oktili ndizo jamaa za zile za hospitali: ni laini zaidi zikishaganda, haziwashi kwa kiasi kile, na nguvu yake ya kushika kope ni ya wastani.

Hapa inafaa wauzaji wapunguze maneno. Gundi "ya macho mepesi" hupunguza mwasho wa mvuke. Haiondoi mzio. Mwasho ni jambo la siku ile ile, macho hutoa machozi wakati wa kazi na kutulia baadaye. Mzio ni kinga ya mwili kuikataa kemikali: huja saa kadhaa au siku moja mbili baadaye, huvimbisha ngozi ya juu ya jicho, na mtu akishaupata kwa sayanoakrileti kwa kawaida hukaa nao. Mteja aliyebandikwa mara kumi bila tatizo anaweza kuupata mara ya kumi na moja. Msusi naye, anayevuta mvuke huo kila siku, yumo hatarini kuliko mteja wake.

Baada ya sayanoakrileti hufuata PMMA, namba 9011-14-7. Hii ni plastiki, jamaa ya kioo cha plastiki, inayoongezwa ili gundi iwe nzito kidogo isitiririke hadi kwenye mizizi ya kope. Unene wa gundi, ambao wasusi huupima kwa macho tone likitua juu ya jiwe, hutokana nayo.

Weusi hutokana na kaboni nyeusi, namba 1333-86-4, ambayo kwenye lebo za vipodozi huandikwa CI 77266. Ni masizi safi ya kiwandani, ndugu wa yale yanayotia weusi tairi la gari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, hoja kubwa ikiwa ni vumbi lake linapovutwa mapafuni. Ndani ya gundi iliyoganda vumbi hilo limefungwa. Mteja asiyeitaka hata hivyo anaweza kubandikwa gundi angavu isiyo na rangi. Gundi nyeusi inataka kutikiswa kabla ya kila tone, kwa kuwa kaboni hutuama chini. Msusi asiyetikisa hutumia maji matupu ya juu leo na tope la chini wiki ijayo, kisha hulaumu kiwanda.

Haidrokwinoni tena?

Kiambato cha mwisho ndicho kinachoshtua wengi, nacho ni haidrokwinoni, namba 123-31-9. Jina hili Tanzania linafahamika kwa ubaya. Ni kemikali ya mkorogo, iliyo katika krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku na ambazo maofisa wa serikali wamekuwa wakizikamata na kuziteketeza kwa miaka mingi.

Katika gundi kazi yake ni nyingine. Huzuia molekuli zisianze kushikana zenyewe kichupani kabla ya wakati, na huwekwa kwa kiasi kidogo sana. Krimu ya kujichubua hupakwa mwili mzima, kila siku, ili kemikali iingie kwenye ngozi. Gundi hukaa juu ya unywele. Umoja wa Ulaya, ambao nao umeizuia haidrokwinoni katika krimu za ngozi, umeiruhusu kwenye kucha bandia kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.02 na kwa matumizi ya mafundi tu. Hicho ni kipimo kizuri cha kumjulisha mteja anayeuliza. Mteja ambaye ngozi yake imeshawahi kuharibiwa na krimu hizo, na hao si wachache, aelezwe kiambato hiki kimo, aamue mwenyewe.

Kufichwa kwa jina hilo hakumsaidii muuzaji. Kichupa kinachotangaza kwamba hakina kemikali hata moja kinatangaza uongo, maana bila sayanoakrileti hakuna kope itakayokaa wiki tatu.

Mvuke na fomaldehaidi

Lipo jambo lisiloandikwa kwenye orodha ya viambato kwa sababu si kiambato kilichowekwa. Sayanoakrileti inapovunjika hutoa fomaldehaidi, kemikali inayofahamika kwa kuhifadhia maiti, kwa kiasi kidogo. Gundi iliyozeeka au iliyotunzwa kwenye joto ni ya kuogopwa zaidi. Mwaka 2012 madaktari wa Japani walichapisha taarifa ya wanawake 107 waliofika kwao na matatizo yaliyotokana na kope za kubandika. Wengi walikuwa wamevimba utando wa jicho na kioo chake, wengine wamepata mzio wa ngozi ya kope, na gundi zilipopimwa fomaldehaidi ilionekana.

Nchini suala hili liliwahi kufika Bungeni. Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwazuia wabunge kuingia ukumbini Dodoma wakiwa na kope na kucha bandia, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Dk. Faustine Ndugulile, kuzungumzia madhara yake kiafya. Zuio hilo lilihusu wabunge na ukumbi wao. Halikugusa maduka, na kwa kadiri wateja wa mwaloni wanavyohusika lilikuwa jambo la Dodoma.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji maabara. Ni supa gluu ya dukani, ile ya kubandikia soli za viatu na mifuniko ya redio, inayotumiwa kama mbadala kwa kuwa bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya gundi ya kope. Hoja ya wanaoitumia ni kwamba msingi ni mmoja, ethili kwa ethili. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba spiriti ya hospitalini na konyagi zote zina alkoholi. Supa gluu ni nyepesi, hutiririka hadi kwenye mzizi na kwenye ngozi, mvuke wake ni mwingi, ikiganda ni kama kioo, na hakuna aliyeipima kwa matumizi ya karibu na jicho.

Ikitokea gundi ya aina yoyote imeingia jichoni, jambo la kufanya ni kuosha kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, bila kuvuta wala kufungua kwa nguvu kope zilizoshikana, na kwenda hospitali. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie hapo. Kisorya wana hospitali Kibara, na tatizo likizidi upeo safari ni ya Bugando, Mwanza. Nauli yake peke yake inazidi faida ya vichupa kadhaa.

Unyevu wa ziwa na sanduku la barafu

Watengenezaji wengi hupendekeza gundi itumike kwenye nyuzi joto 20 hadi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 60 hivi. Hewa ya pwani ya ziwa huvuka kiwango hicho mara nyingi, hasa asubuhi na msimu wa mvua. Unyevu ukizidi, gundi huganda kabla kope haijakaa vizuri, nje huwa gumu na ndani bichi, na mara nyingine huacha ukungu mweupe. Kope hizo ndizo zinazodondoka siku ya tatu. Msusi anayeagiza gundi ya sekunde moja kwa kuwa ameona mafundi wa mjini, wenye viyoyozi, wakiitumia, ananunua hasara. Kwa maeneo ya mwaloni gundi ya sekunde mbili hadi tatu ni salama zaidi kwa mfuko, na kipima unyevu kidogo cha ukutani hulipa bei yake kwa vichupa viwili vitatu vilivyookolewa.

Kazi ya mchana, upepo unapoanza kuvuma, huwa nzuri kuliko ya asubuhi. Dirisha liwe wazi mvuke utoke, lakini upepo usimpige mteja usoni.

Kosa la kawaida zaidi ni la utunzaji. Kwa kuwa imesikika kwamba gundi hupenda ubaridi, wapo wanaoiweka kwenye friji ya soda au kwenye sanduku la barafu la samaki. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinaweza kukaa kwenye friji. Kilichokwisha kufunguliwa kisirudishwe humo: kikitolewa kikiwa baridi na kufunguliwa kwenye hewa ya ziwa, maji hujikusanya mdomoni kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda, na maji ndiyo kigandishi chenyewe. Kilichofunguliwa kikae wima, kimefungwa vizuri, ndani ya mkebe mkavu, mahali pasipo na jua. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ambavyo watu huvitupa, vinafaa kabisa kuwekwa ndani ya mkebe huo.

Hesabu ya mwezi

Hapa ndipo Kisorya inapotofautiana na Mwanza au Dar es Salaam. Gundi ikifunguliwa, watengenezaji wengi huipa wiki nne hadi sita. Uvuvi wa dagaa nao una kalenda yake: mitumbwi hutoka na taa siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kali kazi husimama kwa siku kadhaa. Fedha ya saluni hufuata taa hizo.

Chukua mfano wa kipimo cha kawaida cha matone 20 kwa mililita. Kichupa cha mililita 5 kitakuwa na matone 100. Kope za juu za jicho moja huwa kati ya 90 na 150, na msusi hubadilisha tone kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa kuwa la zamani limeshaanza kuganda. Kazi ya saa moja na nusu hula matone matano au sita. Kichupa kimoja basi kingetosha wateja 17 hadi 20. Saluni inayopata wateja wanane katika siku za giza na wawili katika siku za mbalamwezi itatumia nusu tu kabla muda haujakwisha. Nusu nyingine ni fedha iliyotupwa, au, kama haitupwi, ni gundi iliyozeeka inayokwenda kwenye jicho la mtu.

Vipo vichupa vya mililita 2 na 3. Kwa kila mililita bei yake iko juu kidogo, na ndiyo maana wauzaji wa rejareja huviepuka. Kwa saluni ya mwaloni hata hivyo ndivyo vyenye hesabu nzuri: kimoja kifunguliwe giza linapoanza, kiishe na giza lenyewe. Wateja waliobandikwa mwanzoni watarudi kujaziwa baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa nywele za kope hudondoka zenyewe na kuota upya katika mzunguko wa miezi miwili hadi mitatu.

Wanaokaanga na kubanika samaki waambiwe mapema kwamba kope zenyewe, hata zikiitwa za hariri au za mnyama, nyingi ni plastiki ya nyuzi, na moto wa jiko la kubanikia huzikunja. Mteja akilalamika baada ya hapo, gundi haina kosa.

Risiti na lebo

Vipodozi nchini vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019 vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo husajili bidhaa pamoja na majengo yanayoviuza. Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 346 kinahusu lebo za vipodozi, na EAS 377 kina orodha za viambato vilivyozuiwa na vilivyowekewa mipaka. Mwenye duka la Kisorya anayechukua katoni Mwanza hapaswi kuyajua yote hayo kwa moyo. Anachopaswa kukikagua, kabla hajalipa, ni jina la mtengenezaji na nchi, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, kisha adai risiti yenye jina la bidhaa.

Tarehe ya kutengenezwa ina uzito wake. Gundi nyingi ambazo hazijafunguliwa hupewa miezi sita tu hivi, na sehemu ya muda huo huliwa baharini, bandarini na stoo za Kariakoo. Kichupa kinachofika Kisorya kikiwa na miezi miwili iliyobaki kinafaa kununuliwa kwa punguzo, na tena kwa idadi itakayouzwa giza moja au mawili yajayo. Kilichobandikwa karatasi mpya juu ya tarehe ya zamani kirudishwe kwa aliyekiuza, na fedha zirudi.

Msusi kwa upande wake anashauriwa kuwa na daftari. Aandike jina la gundi, namba ya toleo na siku aliyokifungua kichupa, na kwa mteja mpya aweke tone au kope mbili tatu za majaribio saa 24 hadi 48 kabla ya kazi kamili. Wateja wa Ukerewe wanaovuka asubuhi na kurudi jioni hulalamikia sharti hilo kwa sababu ya nauli ya kivuko. Baadhi ya mafundi hulimaliza kwa kumpima mteja siku anapoleta mzigo wake mnadani au gulioni, na kumbandika safari inayofuata.